Jina Kwenye Mwaliko wa Jumapili

Jumapili, 8 Septemba 2024

Leo tena hakuna kikao. Saa tisa kasoro robo simu ya Shangazi Consolate ililia, ukumbusho ule ule: Kikao cha familia, mwandalizi Emery. Shangazi alikuwa ameshavaa kitenge cha misa na kujipaka poda. Nikagusa linki. Ikaandika tusubiri mwenyeji aturuhusu kuingia.

Tukasubiri saa nzima. Baba mkubwa Libérat akapiga simu kutoka Bujumbura, anauliza kwa nini tumemfungia mlango. Shangazi akamwambia hata sisi tuko nje, kaka, tunatazama mlango huo huo.

Jumapili ya tatu sasa.

Jumatatu, 9 Septemba

Tonton Emery, ndugu ya Baba, amejibu kutoka Kanada. Ameacha kazi ya ofisi tangu Agosti, sasa anaendesha lori. Akaunti aliyokuwa anatuitia ilikuwa ya ofisi, na wameifunga. Mwaliko umebaki kwenye simu zetu – unalia kila Jumapili, hakuna wa kuufungua, hakuna wa kuufuta. Amesema: "Belyse, weye ndiye unajua mambo ya simu. Tengeneza mupya."

Ni rahisi kusema.

Vikao hivi vilianza Baba alipofariki, ili ndugu zake wayasikie mambo yetu. Mama anasema watoto ni wa ukoo, hawezi kunituma Bukavu peke yake. Baba mdogo Étienne ana chumba kule Bukavu, lakini hatanipokea bila neno la kikao. Na chuo cha uuguzi cha huko, ninakotaka kusoma, kinafunga kuandikisha wapya Ijumaa, tarehe 11 Oktoba.

Kwa hiyo bila linki hakuna kikao, bila kikao hakuna chumba, bila chumba nabaki hapa Kasenga.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimetengeneza mwaliko mpya. Kila Jumapili, saa tisa. Nimeusoma mara nne kabla ya kutuma.

Ijumaa, 13 Septemba

Baba mkubwa Libérat: Amekataa. Imeandikwa hivyo, kwa herufi nyekundu.

Kisha akapiga simu. "Ni nani alikutuma? Nafungua simu naona: Belyse anakualika. Minye? Mimi muntu wa miaka makumi sita na mbili naitwa na mutoto?"

Simu iliandika jina langu yenyewe, lakini nilipaswa kuliona. Kwetu mkubwa humtuma mtoto aite watu. Mtoto haketishi wakubwa, tena kwa shauri lake mwenyewe. Hayo nayajua tangu nikiwa mdogo. Nilisoma saa, nikasoma siku, nikasoma linki. Jina sikulisoma.

Jumapili, 15 Septemba

Tulikuwa wawili, Shangazi na mimi, kila mtu na simu yake, tumekaa kwenye mkeka mmoja. Étienne aliingia dakika mbili, akauliza wakubwa wako wapi, akatoka. Emery alikuwa anasubiri kwenye linki ya zamani, kwa sababu ukumbusho wake mwenyewe ulimlilia. Alicheka sana. Mimi sikucheka.

Jumatano, 18 Septemba

Nimejaribu kutuma mwaliko kwa akaunti ya Shangazi. Libérat akamjibu kwenye groupe ya familia, mbele ya wote: siingii mu réunion ya Consolate, tangu lini ye ndiye mukubwa wa nyumba?

Shangazi: "Basi ita weye, mukubwa."

Yeye: ataita siku kukiwa na jambo.

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Kumbe mimi si jambo.

Jumapili, 22 Septemba

Ukumbusho umelia. Hakuna aliyeinuka. Nimechoka.

Ijumaa, 27 Septemba

Divine, tuliyekuwa tunakaa naye benchi moja darasani, ameshafika Bukavu. Amenitumia picha ya kitanda chake. Nimemwandikia kwamba ni kizuri. Kisha nimelala mchana, kitu ambacho sifanyi.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimefanya jambo, na sijui kama ni dhambi.

Nimefungua akaunti kwa jina la Nyogokuru, bibi yangu, mama yao wote. Nimeweka picha yake ya Pasaka. Nimetuma mwaliko: Léocadie anakualika, Jumapili, saa tisa. Sikumwambia. Hata kusoma hajui.

Saa moja haikuisha, wote wanne wamekubali. Libérat wa kwanza. Kisha akampigia Shangazi: "Mama anatuita, iko mugonjwa?" Shangazi akanitazama. Nikainamia sufuria, nikaendelea kuosha.

Jumamosi, 5 Oktoba

Sikuweza kungoja mpaka kesho. Nimetembea mpaka Kilibula, kwa Nyogokuru. Nyogokuru alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Nikakaa, nikachagua naye nusu ya ungo. Mwishoni nikasema yote, nikitazama maharage.

"Kwa hiyo nimewaita," akasema.

"Ndiyo, Nyogokuru."

"Na Libérat anakuja?"

"Alikubali wa kwanza."

Alicheka mpaka akajifuta macho. "Huyo tangu Pasaka hajanipigia hata mara moja."

Nikadhani yameisha. Akaacha kucheka. Akasema hatadanganya watoto wake, hajawahi. "Minye nitafungua kwa sala. Halafu nitawaambia: huu mwaliko si wangu, ni wa Belyse. Baada ya hapo utasema weye."

"Wataondoka, Nyogokuru."

"Labda. Lakini watakuwa wameshakaa."

Nilimwomba aniombee yeye chumba kwa Étienne, atamsikia. Akasema anayetaka kwenda kuuguza wagonjwa lazima aweze kusema na watu. Akanirudishia ungo.

Jumapili, 6 Oktoba

Naandika Kilibula, mezani kwa Nyogokuru. Saa tisa kasoro dakika saba. Zimebaki siku tano chuo kifunge.

Ule ukumbusho wa zamani umelia. Nimeuzima. Nimewaandikia wote wasiuguse, na safari hii wamesikia. Shangazi yuko kando yangu, na simu yake, na poda yake. Nyogokuru amevaa kilemba kipya. Ameuliza kama wataona miguu, nikasema hapana, akavua viatu.

Usiku nilitayarisha maneno kwenye karatasi. Yalianza: Samahani, baba zangu. Asubuhi nimekata neno la kwanza. Kisha nimelirudisha. Sasa nimelikata tena, karatasi imetoboka hapo.

Dakika nne. Majina yameanza kuonekana, yanasubiri niwaruhusu. Étienne. Emery – lazima amesimamisha lori mahali. Na Libérat. Huyo alikuwepo kabla sijafungua daftari hili. Anaandika kwenye groupe: Mama, tuko mlangoni.

Shangazi ananong'ona kwamba naweza bado kuacha, aseme yeye kwamba mtandao umekatika. Nimetikisa kichwa kukataa. Sijui kilitikisika vipi.

Nyogokuru anauliza nani wamefika. Namsomea majina. Anasema weka kalamu chini, fungua, uanze na Libérat.