Mawe Ndani ya Gunia

Jumamosi, 1 Februari
Nimefua sare. Nimechota maji. Kisha mhudumu wa afya akaja na ule utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo, akauzungusha kwenye mkono wa Neema, mdogo wangu. Njano. Mara ya mwisho ilikuwa kijani. Alisema ale mboga za majani, maharagwe, dagaa wa omena, si ugali na chai tu. Atarudi kumpima tena. Naogopa nyekundu.

Jumapili, 2 Februari
Tumejaza gunia udongo na samadi ya mbuzi, hapa nje ya mlango. Mwalimu wa kilimo alitufundisha kusimamisha nguzo ya mawe katikati, toka chini hadi juu, ili maji yapate njia ya kushuka. Mama alicheka. "Kwetu Vihiga mawe tunayatoa shambani. Hapa tuyarudishe?" Hatukuweka. Tumepanda miche ya mboga ya managu juu na kwenye matundu ya ubavuni.

Mama Otis, jirani wa mlango wa pili: "Mnalima ama mnafuga gunia?"

Jumatano, 12 Februari
Juu maji yametuama, miche inaoza. Chini imekauka. Nimeingiza kidole tunduni: vumbi. Maji ya kununua, na hayafiki! Nimelia kidogo. Neema amekula ugali na chai.

Jumamosi, 15 Februari
Nimetoka mazoezi ya kwaya nikakuta gunia limemwagwa. Mama amepiga magoti. Anajaza mawe ndani ya mkebe usio na kitako, anazungushia udongo, anavuta mkebe juu, anajaza tena. Nilimwokotea mawe. Miche mizima ni michache. Tumeirudisha yote.

Jumamosi, 8 Machi
Siamini. Majani pande zote, hadi chini kabisa karibu na mtaro. Huku mtaani kwetu Soweto West ni mabati na matope, halafu kijani hiki! Nimesimama tu, nikiangalia. Kinatoka gizani, ndani ya gunia. Tumechuma managu ya kwanza, Mama akayapika kwa maziwa. Mboga hatununui tena, kwa hiyo kuna omena pia. Neema amelamba sahani.

Mama Otis amekuja kuomba miche. "Na hayo mawe yenu, mnauza?"

Jumamosi, 5 Aprili
Mhudumu amerudi na utepe. Kijani. Imevuka mstari kidogo tu, lakini ni kijani.

Mama alichukua maji aliyooshea mchele, akayamimina juu ya mawe. Tukasikiliza yakishuka. Neema aliweka sikio kwenye gunia.