Bibi Yangu Nilimchambua Ubaoni

Shangazi Helena, shikamoo. Naomba unisaidie, maana sasa hivi nikifungua daftari la Kiingereza naona uso wa bibi yangu, na mtihani wa kidato cha sita umebakiza wiki tano.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, kwetu ni Rutamba lakini kwa ajili ya shule nakaa kwa mama mdogo hapa Lindi mjini, na bibi mzaa mama ndiye aliyenilea tangu nikiwa mchanga, ananiita mke mwenzangu kwa utani wetu wa siku zote, hana simu, kwa hiyo kila Ijumaa alikuwa anaenda dukani kwa mjomba Shamte, mjomba anamrekodi sauti halafu ananitumia. Shangazi, bibi akirekodi huanza na hodi, kisha ananyamaza kabisa akisubiri karibu, kama vile yuko mlangoni, mpaka mjomba Shamte amwambie, "Bibi, endelea tu, atakusikia baadaye," na mimi huku hucheka na kujibu "karibu" peke yangu ndipo naendelea kusikiliza.

Sasa tulipoanza marudio mwalimu wetu Damiani alituambia kwamba kwenye mtihani tutapewa hotuba au barua, tujiulize msemaji ni nani, anasema na nani, anataka nini na anatumia njia gani kukipata, kama anagusa moyo, anatoa hoja au anategemea heshima yake, akasema tujizoeze kwa kila tunachosikia, hata tangazo la sabuni. Mimi ndiye ninayeongoza diskasheni yetu, nikataka kuleta kitu ambacho hakuna aliyewahi kukileta, nikaleta sauti ya bibi. Alikuwa amesema hivi: "Mke mwenzangu, hujambo? Mie sijambo, mguu tu huu, wala usikutie wasiwasi. Kitanda chako nimekitoa nje kimepigwa jua, kunguni hawa wamezidi. Usije lakini. Soma. Utakuja ukimaliza, kama Mungu atanibakiza."

Nikaitafsiri kwa Kiingereza nikaiandika ubaoni, ile hodi na kimya chake nikaviacha kwa kuwa niliona havina cha kuchambua, halafu nikaanza kupiga mistari, kwamba mguu ni wa kuamsha huruma, Mungu atanibakiza ni ya kutia hofu, na usije ni kukataa kwa mdomo ili niende, Hussen akasema bibi yako angegombea udiwani angepita bila kupingwa, darasa zima likacheka na mimi nikacheka nao. Ningeishia hapo isingekuwa kitu, lakini kwa furaha ile nikamrekodia, "Bibi, leo nimekushika! Mguu na kitanda ni mbinu zako za kunivuta nije, darasa zima limeona!" Nilidhani ni utani wetu ule ule, nikasahau kwamba sauti zangu hufunguliwa pale dukani kwa spika, mbele ya wanunuzi. Mjomba Shamte aliniambia watu walicheka sana, bibi akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila ile sukari aliyokuwa ameifuata.

Ijumaa iliyofuata ikaja sauti moja, nikaifungua mbio mbio, kumbe mbovu, anasema hodi, kimya, hodi, kimya, hodi, kimya, halafu inakatika, nikajua ni mtandao, nikasubiri atume nyingine. Hajatuma, Ijumaa ya nne sasa. Mjomba anasema bibi ni mzima ila siku hizi hapiti dukani. Shangazi, namkumbuka mno, juzi sokoni nilisikia mama mmoja mzee akiuliza bei ya kunde nikageuka nikidhani ni yeye, hakuna mtu mwingine duniani anayeniita mke mwenzangu.

Nimeanza kumwandikia maneno ya radhi, mwanzo wa kumgusa moyo, katikati hoja tatu, mwisho wa kumkumbusha alivyonilea. Nimtumie hayo, au nisubiri nimalize mtihani ndipo niende? Nikienda sasa nitapoteza marudio.

Imani, Lindi

Marahaba, Imani. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na hasira na wewe, mara ya pili nikimfikiria bibi yangu mwenyewe, aliyefariki mimi nikiwa chuoni najiambia nitakwenda likizo. Kwa hiyo nivumilie nikikusema.

Ubaoni ulipatia. Bibi alitaka uende. Nani anaanika kitanda cha mtu asiyekuja? Mwalimu wako angekupa maksi zote. Lakini yule mama hakuwa anagombea udiwani, mwanangu. Alikuwa na hamu na wewe, akaona haya kuitamka, akaificha kwenye mguu na kunguni ili uikute peke yako. Wewe ukaikuta, ukaenda kuwaonyesha watu. Utani wa bibi na mjukuu mnaufanya uani kwenu, si kwenye spika ya duka!

Sasa nikuambie ulipokosa. Unasema sauti ya mwisho ilikuwa mbovu. Umekulia Rutamba, unajua mtu mwenye adabu akifika kwa watu hufanya nini. Hupiga hodi mara tatu, na baada ya kila moja husubiri. Asipoitikiwa hasukumi mlango wala hachungulii dirishani, anarudi alikotoka. Bibi yako alijikokota na mguu ule mpaka duka lile lile alipochekwa, akapiga hodi zake tatu, akakusubiri mara tatu. Wewe ukasema mtandao. Hodi zake zote za nyuma uliziitikia ukiwa peke yako chumbani, hizo tatu ukaziacha hewani. Ndiyo maana amerudi kwake.

Hayo maneno ya radhi yachane leo. Hoja tatu za nini kwa mtu aliyekubeba mgongoni? Na usisubiri mtihani, maana wewe mwenyewe umesema daftari halisomeki. Jumamosi hii muage mama mdogo, panda gari la asubuhi. Rutamba si Ulaya. Beba daftari lako, utasomea kwenye kitanda kile, na beba na sukari. Pitia kwanza dukani kwa Shamte, useme mbele ya hao hao waliocheka kwamba wewe ndiye uliyekosa. Kisha nenda nyumbani, piga magoti, sema, "Shikamoo bibi, nilikukosea, nisamehe." Ukome hapo. Usianze kumweleza ulikuwa na maana gani.

Lakini kabla ya hayo yote utasimama mlangoni upige hodi. Anaweza kunyamaza, na ana haki hiyo. Piga ya pili. Piga ya tatu. Akinyamaza na hiyo ya tatu, usithubutu kurudi Lindi. Wanaorudi ni wageni. Wewe kaa hapo hapo kizingitini, na sukari yako mkononi, mpaka mke mwenzako akufungulie.