Dawa Niliyomchemshia Mama

Dada yangu kipenzi,

Mtaa huu mzima hakuna daktari wa kunifikia. Mimi na sufuria yangu ya mwarobaini tumemponya fundi viatu jipu, na jirani upele. Hata paka wa jirani siku hizi ananipisha njia kwa heshima. Cheka tu, utaniita Profesa.

Uliniuliza kwenye simu Mama aliondokaje duniani, nikasingizia mtandao. Alijikata mguu kwa jembe. Nikamchemshia majani, nikamsagia kitunguu saumu, akawa anajiosha na kujifunga kitambaa mwenyewe. Kila asubuhi namuuliza, "Mgonjwa wangu, vipi?"

"Kidonda kinakauka, daktari wangu. Nenda ukawatibu wengine."

Nami huyo, kifua mbele, hadi kwa fundi viatu kujisifu. Akaniambia, "Mpeleke hospitali, wewe mtoto." Nikamwambia ashone viatu.

Homa ilipomwangusha ndipo tukampeleka. Muuguzi alipofungua kile kitambaa, mguu ulikuwa mweusi hadi gotini. Akanigeukia kwa ukali, Mama akamshika mkono: "Usimgombeze. Kanitibu vizuri."

Dada, sikuwahi kumwambia afungue nione. Nilipenda mno kuitwa daktari.

Ni mimi, mdogo wako