Joistiki ya Mkono wa Tecla

Jumanne, 5 Agosti 2025

Tecla amechaguliwa! Watu arobaini tu, Kenya, Uganda na Tanzania yote, na mmoja ni huyu wangu wa hapa juu ya Roret. Mashindano ya kurusha ndege kwa kompyuta. Kila mtu anarusha akiwa kwao, wanaonana kwa intaneti. Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu.

Nimeandika hayo kabla ya kuvua gambuti. Sasa nimevua. Hujambo, kitabu changu.

Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini nimezaa rubani. Kwa kituo cha majani chai nilitangazia foleni yote, vikapu vikingoja mizani. Edinah, jirani yangu, akauliza: na hiyo ndege itatua wapi Mama Tecla, kwa nyasi zako za nepia? Wakacheka. Nikacheka nao. Nikawaambia waje siku hiyo wajionee, kwangu, chai ya maziwa iko. Wote wakasema watakuja. Hata karani wa mizani.

Jumatano, 6 Agosti

Tecla hajakula.

Nilimwambia kuhusu wageni nikidhani atafurahi. Akaweka sahani chini polepole. Huyu mtoto alizaliwa vidole vya mkono wa kulia vimejikunja kwa ndani, na kidole gumba hakina nguvu. Miaka ishirini sasa. Mbele ya watu mkono unakaa mfukoni. Kanisani anasalimia kwa wa kushoto, na wasiomjua wanasema hana adabu. Mimi najua hayo yote, na bado nimealika kijiji.

Nikamwambia, wanakuja kuangalia ndege tu. Akasema: Mama, hawataangalia ndege.

Nikaichukua sahani nikaifunika.

Kuna shida nyingine pia. Siku zote amerusha kwa kubonyeza vitufe vya kompyuta. Kwa mashindano lazima joistiki, ile fimbo fupi ya kuelekeza ndege. Kushoto haiwezekani, mkono wa kushoto uko na kazi ya kuongeza moto wa injini na kupunguza. Fimbo ni ya kulia. Hakuna njia ya kuzunguka hapo.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumeenda mjini Kaplong, mimi na yeye. Kuna duka linauza vitu vya kompyuta vilivyotumika. Joistiki zilikuwa tatu. Ya kwanza nene kama mguu wa meza. Ya pili imechongwa mahali pa kila kidole, na vidole vya Tecla havikuwa huko. Ya tatu inataka kidole kimoja kinyooke kifyatue mbele.

Mwenye duka akasema hizi zinatosha mkono wowote. Tecla akautoa mfukoni, akauweka juu ya kaunta. Yule kijana akaanza kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Tumechukua ya tatu. Tecla anasema ndani yake ni nzuri, ubaya ni hapo juu tu pa kushika. Amekaa nayo kwa mapaja jioni yote kama kuku mgonjwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Kimeli, fundi wa redio, amekata kichwa cha joistiki kwa msumeno. Nilifunga macho. Wamejaribu kuvisha mpini wa kisu cha kupogolea chai. Wamejaribu mpira wa usukani wa baiskeli. Wakajaribu mwiko wangu! Ndege inapanda vizuri, halafu upepo ukiingia mkono unateleza, ndege inalala ubavu, inaanguka. Kimeli akasema, Tecla, abiria wako wamekwisha wote. Akaongeza, wa leo walikuwa wazuri pia.

Mimi nakaa nyuma na sufuria ya mboga, lakini sichambui kitu. Naangalia mawingu. Sijapanda ndege maisha yangu. Kwa kile kioo cha kompyuta mawingu yanakaa kama ukungu wa asubuhi kwa chai, ule wa saa kumi na mbili, ukichuma huoni mwenzako, unasikia tu majani yakikatika na mtu anakohoa mbali. Nimechuma ndani ya ukungu huo miaka ishirini na mitano. Sikuwahi kujiuliza kwa juu kunafanana aje. Kumbe ni jua tu. Jua tupu, na weupe chini kama maziwa yameachwa yatulie.

Mboga imeungua jioni. Baba Tecla amekula kimya, Mungu ambariki.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimejua. Ni mimi nimejua, si fundi.

Tulikuwa tunakamua. Tecla upande wake, mimi nimeshika mkia. Nikaangalia ule mkono wa kulia. Ulikuwa unafanya kazi. Vidole vimejikunja tayari, chuchu imeingia katikati, anabana kwa vifundo, anavuta kidogo, maziwa yanapiga ndoo sawasawa na ya kushoto. Nilimfundisha hivyo mwenyewe akiwa na miaka saba. Marehemu nyanya yake alisema msichana asiyekamua ataonewa kwa boma la watu, nikakaa naye wiki nzima mpaka tukapata njia ya vifundo. Nikasahau. Tangu hapo nimeona maziwa tu, mkono sikuuona tena.

Nikamwambia: Tecla, hiyo fimbo ifanye chuchu.

Aliacha kukamua. Ng'ombe akageuka kutuangalia.

Jumapili, 17 Agosti

Edinah ako na mashine ya kukamua, na mipira ya ndani, ile inayovishwa chuchu, ikizeeka anaitupa kwa ua. Niliokota mmoja nikitoka ibada ya kwanza, na nguo za kanisa. Kimeli ameuvisha juu ya ile fimbo, ndani amejaza sponji, na kitufe kimefichwa katikati. Ukibana, kinabonyea. Hakuna kidole cha kunyoosha.

Ameruka saa nzima bila kuanguka.

Halafu akasema, keti hapa Mama, nikupeleke nyumbani. Akatafuta Kericho kwa ramani ya ndege, akashuka kusini polepole. Kijani. Vilima vimelala kama watu wamejifunika. Barabara ni kama uzi mwekundu. Nikatafuta paa letu, mti wetu, ng'ombe hata. Havikuwa huko, kijani tu. Lakini nilijua tuko hapo chini, mimi niko hapo na kikapu mgongoni, na huyu mtoto anapita juu yangu. Nilitaka kuinua mkono nimpungie.

Akaniuliza kwa nini nalia. Nikasema ni moshi. Hakuna moshi sebuleni.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeharibu.

Asubuhi nilipita nikaona ule mpira umekauka, umeanza kupasuka. Mtu akiona chuchu imepasuka anafanya nini? Nikachukua mafuta ya kukamulia, nikapaka vizuri, nikakanda hadi ikang'aa. Nikaenda shambani nikiimba.

Tecla akakaa, akashika, mkono ukateleza, ndege ikaingia kwa mlima. Akasema: Mama, hii haina maziwa. Tukaosha na sabuni na maji moto, lakini mafuta yalikuwa yameingia, mpira umefura, umekuwa laini kama ulimi. Siku nne zimebaki na nimeangusha ndege kwa mkono wangu.

Ikabidi niende kwa Edinah kuomba mwingine. Akasema hanipi mpaka ajue wa nini. Sikumwambia, mara hii nilinyamaza. Basi akauleta mwenyewe, akaingia moja kwa moja hadi sebuleni. Tecla alikuwa na mkono mezani.

Edinah akasimama. Akauangalia, na hakujificha kuuangalia. Akasema: Nionyeshe unavyoshika. Tecla akamwonyesha. Edinah akasema: Kumbe ndege inakamuliwa. Na mimi nina ng'ombe watano na hiyo mikono miwili yangu haijafika hata Kisumu.

Tecla ndiye alicheka kwanza. Nimehesabu hiyo.

Alhamisi, 21 Agosti

Mpira mpya umekaa. Upepo wa jana ulikuwa mkali, wa kwenye kompyuta nasema, na ametua mara tano kati ya sita.

Nilimwambia nitapita nyumba kwa nyumba niwaambie watu wasije. Niseme stima imepotea. Niseme ni mgonjwa. Niko tayari kuonekana mwongo kwa kituo. Aliendelea kuruka, nikaona bahari, halafu usiku ukaja kwa kioo na taa ndogo ndogo chini.

Alipotua alivua sweta akanirushia. Sweta zake nafuma mwenyewe, na mkono wa kulia huwa naongeza inchi nne, ufunike mpaka kwenye vidole. Hakuniomba hata siku moja. Ni mimi niliamua, akiwa mdogo.

Akasema: Mama, huu mkono wa sweta unanasa kwa fimbo. Ufupishe.

Nikamuuliza, mpaka wapi? Akajiwekea alama na kidole, juu ya kifundo cha mkono. Akarudi kwa ndege yake.

Nimeketi na makasi. Uzi ni ule wa buluu, ukikata vibaya unafumuka wote. Sijaenda kwa mtu kumwambia asije. Jumamosi, saa nne asubuhi, wanakuja wote.