Kijito Nilichowaonyesha Wakata Mipaka

Merle dada yangu,

Nina miaka themanini na tisa, nimezika wake wawili na wabunge saba wa jimbo letu. Kondoo hawajambo.

Wakata mipaka wa tume ya uchaguzi walipotaka mpaka wa jimbo ufuate kijito, mimi ndiye niliyewaongoza. Nani mwingine angeweza?

"Mzee, una hakika ni hiki?"

"Kijana, nilizaliwa hapa kabla ya baba yako!"

Niliwaonyesha mkondo wa zamani uliokauka, makusudi, ili ninyi mnaoishi kati ya mikondo hiyo miwili, mnaowapigia kura wapinzani wa chama changu, mtoke jimboni. Mkatoka. Mbunge wenu mpya hakuwajua, hospitali yenu ikafungwa bila mtetezi, na mumeo Clarrie akafia njiani akipelekwa mjini. Mazishini nilikushika mkono, nikakuficha haya.

Muulize Des Hanrahan, aliyetufungulia mageti siku ile. Alikijua kijito cha kweli, na aliniona nikiwapeleka kwingine.

Kaka yako,
Alf