Safi na Fifi kwenye Chupa Moja

Jumatatu, 7 Julai 1997

Nimeandikishwa! Mimi Milembe, karani wa mizani ya pamba, nimo kwenye utafiti wa ubongo. Daktari Novatus katoka Dar na Landikruza na jenereta, anatafuta watu wenye wasiwasi usioisha: wanaokagua, wanaonawa, wanaorudia. Nikamwambia, umefika. Mimi nafunga mlango, navuta kufuli, naondoka, narudi, navuta tena. Mwaka jana nilivuta mpaka basi la kwenda Mwanhuzi likaniacha, nikakosa harusi ya mdogo wangu Lucy huko. Alilia. Sasa Lucy ana mtoto wa miezi mitatu na bado sijamshika. Hilo ndilo linaloniuma.

Nusu yetu tutapewa dawa, nusu vidonge vitupu. Vinafanana kabisa! Hata daktari hajui nani kapata nini, majibu yamo kwenye bahasha zilizofungwa. Wiki kumi na mbili.

Alhamisi, 10 Julai

Jamani nywele zangu! Mama Shija alinisuka juzi kutwa nzima, leo naambiwa fumua, eti waya za mashine hazishiki. Nimefumua huku nasonya. Wakanibandika waya kichwa kizima, mashine ikaanza kuchora mistari kwenye karatasi. Daktari anasema kuna mahali kwenye ubongo panapopiga kelele "hatari!", na kwangu hapanyamazi hata nikishaona kufuli limefungwa. Kumbe! Miaka yote mayu, mama yangu, anasema nimelogwa, mchungaji anasema siombi vya kutosha. Nimecheka kwa furaha mpaka kalamu ya mashine ikaruka. Nikaambiwa, tulia dada.

Mwenzangu wa benchi ni Uledi, muuza vitenge sokoni. Yeye ugonjwa wake ni kutawadha. Akimaliza anaona bado, anaanza upya, msikitini wenzake wameshatoka. Mikono imepasuka kama visigino. Lakini mcheshi huyo! Anasema mkewe Zamda siku hizi anaficha ndoo.

Jumamosi, 26 Julai

Mdomo mkavu. Mkono unatetemeka kidogo. Daktari alisema dawa huleta hivyo — basi yangu ni ya kweli! Leo nimekagua mizani mara nne tu kabla ya kupima. Wakulima wakanuna! Mzee Ndaki wa Migato anasema huwapita wanunuzi watatu kuja kwangu kwa sababu mimi nahakikisha mizani mpaka ng'ombe wa mkokoteni wanalala. Leo haraka ya nini, nimehongwa? Nikakagua mara ya tano kumridhisha.

Jumanne, 29 Julai

Uledi mdomo wake haujakauka, mkono hautetemeki, hana dalili hata moja. Mikono inatoa damu. Ananiambia, dada Milembe, mimi nimepewa unga wa muhogo. Hakucheka. Nilimwonea huruma mno.

Basi sikuweza. Kwetu ukila na jirani amekaa pale, unamega. Nikatandaza kanga, tukamwaga chupa zote mbili, tukachanganya, tukagawana nusu kwa nusu. Nimegawa mimi mwenyewe, sina punje ya upendeleo. Tukacheka kama watoto.

Ijumaa, 29 Agosti

Kufuli mara mbili tu! Nimefika kazini mapema mpaka mlinzi akauliza kuna msiba gani. Na Uledi leo katawadha mara moja, kawahi hotuba ya Ijumaa, watu wakageuka kumtazama. Zamda kaniletea visheti vya shukrani. Nimemwandikia Lucy: nakuja Jumamosi tarehe 20, basi la saa tano. Ameshazoea ahadi zangu, masikini.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo nimemfukuza mkulima, Masunga. Gunia juu pamba safi, chini fifi, ile chafu ya daraja la pili. Akabisha: tangu soko huria wenzako wananunua zote bila kuchungulia! Nikamfokea mbele za watu. Ukishachanganya, nani atajua ipi ni ipi?

Nikaliachia gunia hapohapo. Kanga. Chupa. Mimi na Uledi!

Juzi tu daktari alikuwa anatuonyesha karatasi zake kwa furaha, eti wasiwasi wetu sisi wawili umeshuka sawasawa, ajabu. Ajabu kweli! Kesho watu wengine watapewa dawa kwa kuamini gunia letu la safi na fifi. Nikisema, tunatolewa, vidonge vinachukuliwa. Na kufuli je? Na mtoto wa Lucy? Naogopa. Naogopa kweli. Nimekwenda dukani kwa Uledi nikamwambia yote. Akakunja kitenge, akakikunjua, akasema twende wote.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika ndani ya basi, daftari gotini. Asubuhi tumesema. Daktari akashika kichwa. Hakufoka — bora angefoka! Nikalia, Uledi akatazama viatu vyake. Kisha daktari akasema tumetoka kwenye utafiti, hakuna njia, ila ahsante kwa kusema. Na lazima afungue bahasha zetu ajue tulikuwa tunameza nini. Kama ni dawa, atatafuta namna tuendelee. Kama vya wote wawili vilikuwa vitupu… akacheka kidogo, akasema hiyo nayo ni habari. Anakwenda kwa mganga mkuu wa hospitali kuchukua ufunguo wa kabati lenye bahasha. Subirini dakika kumi.

Basi likapiga honi huko stendi.

Dakika kumi! Maisha yangu yote nililia kupata uhakika, leo umo kabatini, nasubirishwa dakika kumi tu. Nikainuka. Nikamwambia Uledi, utaniambia wewe. Nikakimbia na kifurushi cha mtoto kwapani.

Kufuli la nyumbani nimefunga. Nadhani.

Dereva anatia gia. Na nani yule anakuja mbio, karatasi imebanwa mdomoni — Uledi! Anapiga ubavu wa basi kwa viganja vyote viwili, basi lenye vumbi la barabara nzima ya Mwanhuzi! Wala haangalii mikono yake. Katoa karatasi mdomoni, anapiga kelele, anaionyesha, dirisha langu limekwama, sisikii neno. Abiria wananiambia, dada, unaitwa.

Najua. Nampungia mkono.