Bakuli la Shangazi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani.
11 Desemba

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Salamu zangu zikukute ukiwa mzima, wewe, wifi yangu na huyo binti ambaye bado sijambeba. Habari za huko na baridi yake? Kifua chako kimepona? Mama kila akisikia mtu anakohoa njiani husema, "Bonge naye atakuwa anakohoa hivyo hivyo." Nakuita Bonge ingawa picha uliyotuma inaonyesha mifupa mitupu. Jina la utotoni haliulizi uzito.

Sisi huku kwa mwili hatujambo. Goti la Mama lina siku zake. Siku mbili anatembea vizuri, ya tatu anagombana nalo mpaka jioni. Mimi nina sare za shule hadi juu ya kitanda, na sindano nimeshavunja nne. Embe mwaka huu ni nyingi mno. Jirani yetu fundi bomba ametuletea ndoo mbili, maana mti wake umelalia paa letu na anaogopa tutaanza kuyataja mabati.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nimesikitika kusikia kwamba maziwa hayampendi mtoto, kama yalivyokuwa hayakupendi wewe. Umeniuliza: anapenda embe, sasa tumpikie nini kisicho na maziwa hata tone? Ni swali dogo, lakini nimeanza kulijibu mara tatu nikachana karatasi. Mapishi ninayoyajua ni ya aina moja tu, na si yangu. Ni ya Shangazi.

Najua umekunja uso. Mwezi uliopita nilipokupigia simu kukuambia kwamba Shangazi ameanguka jikoni kwake Jumanne na Alhamisi hayupo tena, ulisema, "Dada, siwezi kumlilia mtu aliyekaribia kuniua." Ukadhani mtandao umekatika, ukaita haloo, haloo, kisha ukakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili.

Bonge, aliyekulisha maziwa siku ile si Shangazi. Ni mimi.

Ulikuwa na mwaka na nusu, mimi tisa. Mama alikuwa kazini, na Shangazi, ambaye wakati huo tulikuwa tukiishi naye, ndiye aliyekuwa akituangalia. Alikupondea embe, akanipa bakuli nikulishe, akatoka kuanua nguo kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Embe ile ilikuwa na uchachu, ukawa unaitema. Nje wenzangu walikuwa wanaruka kamba, nawasikia wanavyohesabu. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya maziwa ya chai. Sheria ya Mama niliijua. Nyumba nzima iliijua. Nikajiambia vijiko viwili havina neno, vitapunguza ukali. Ukala yote, ukanichekea.

Sikufika hata kwenye kamba. Midomo ilikuvimba, macho yakafunga, ukawa unavuta pumzi kwa sauti ambayo hadi leo, bomba likikoroma maji yakiisha, huwa natoka chumbani. Baba aliitwa, akakubeba mbio hadi hospitali, na Mama akawafuata huko kutoka kazini. Waliporudi jioni, wewe ukiwa umelazwa, Mama akauliza ni nani aliyemlisha mtoto. Nilifungua mdomo. Shangazi akaniwahi: "Ni mimi, wifi. Nilichanganya mabakuli."

Kabla ya wiki kuisha alikuwa ameshafungasha. Mama hakumruhusu tena kutia mkono kwenye chakula cha nyumba hii, na wewe umekua ukisimuliwa jambo hilo mpaka ukalijua kama jina lako.

Unalikumbuka bakuli la bluu lenye mfuniko? Kila msimu wa embe alilileta mwenyewe hadi getini: embe kwa tui la nazi, ya mtoto. Mama alipokea, akashukuru kwa adabu zote, kisha akaenda nyuma kuwamwagia kuku. Kuku wa nyumba hii wamekula vizuri kuliko sisi. Bakuli lilioshwa, nikatumwa kulirudisha tupu. Miaka thelathini, Bonge. Wewe umeondoka mwaka wa saba huu, na bado alikuwa akileta, akisema labda umekuja likizo.

Misimu miwili iliyopita nilikwenda kumpima gauni. Nikamkuta anamenya embe, nikakaa kumsaidia. Bila kuinua kichwa akaniambia, "Siku ile nilikuona dirishani unachota kwenye sufuria ya chai. Nikadhani unajilambia mwenyewe." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini embe ina kokwa. "Baba yako mkono wake ulikuwa mwepesi, na mgongo wako ulikuwa wa miaka tisa. Mimi wangenifanya nini? Kunifukuza tu. Haya, menya, hazitajimenya zenyewe."

Nikamwahidi kwamba nitamwambia Mama, nitakuambia na wewe. Akasema, "Ukiwa tayari." Nikangoja goti la Mama lipoe. Nikangoja mkeo ajifungue salama, nisije nikawatia simanzi. Wanasema ngojangoja huumiza matumbo. Langu halikuumia, Bonge. Nilikula na kulala. Aliyeumia ni yeye.

Tulipokwenda kupanga vyombo vyake baada ya msiba, sikukuta maziwa, wala samli, wala siagi. Jirani yake muuza mkaa akaniambia Shangazi aliacha chai ya maziwa zamani sana, na alikuwa akiipenda kuliko chakula. Alisema jiko lake linapikia mtoto fulani, halitaki hata tone. Mtu aliyekuwa akiwapikia wanafunzi mia nne wa bweni uji wa maziwa kila asubuhi, akirudi kwake anaoga kwanza ndipo anashika sufuria yako. Nami nilikuwa nikilirudisha lile bakuli tupu.

Basi mapishi ni haya. Embe za huko najua hufika ngumu kama jiwe. Zifunge kwenye gazeti, ziweke kabatini, wala usizibonyeze. Zinuse kwenye kikonyo, na zisipokuambia kitu zirudishe. Menya, kwangua nyama yote hadi kwenye kokwa, uichuje kwa kitambaa safi, maana mtoto akikuta nyuzi atatema kama baba yake. Ukipata nazi, kamua tui zito uliweke kando, halafu ukamue jepesi. Kama ni tui la kopo au la pakiti, soma maandishi madogo hadi mwisho, mengine hutiwa maziwa. Hilo jepesi lichemshe na vijiko viwili vya unga wa mchele, moto mdogo, ukikoroga hadi lishike mwiko. Ipua. Sasa ndipo utie embe, kwa sababu embe ikichemka harufu yake inakwenda. Tui zito mwisho, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Sukari ya nini, kama embe ni ya msimu? Sufuria iwe ya kazi hiyo peke yake, na mwiko pia. Kwenye sufuria Shangazi hakuwa na mchezo.

Mama nimemwambia Jumamosi. Alikuwa anachambua mchele. Hakunigombeza, na ningeshukuru kama angenigombeza. Aliuchambua ukaisha, akaanza kuuchambua upya. Halafu akauliza, "Unasema aliacha hata chai?" Nikamwambia ndiyo. Akanyanyuka, akaliburura goti lake hadi kabatini, akatoa bakuli la bluu. Shangazi alilileta wiki moja kabla ya kuanguka. Kuku walishakula, bakuli likaoshwa, likawa linaningoja nilirudishe, nami nilikuwa nimezidiwa na sare.

Mama akasema tupike. Mimi nikaelekeza, yeye akakoroga. Alilijaza hadi juu, akalifunika, akavaa viatu vyake vya kutokea, akashika njia. Alipofika getini akasimama. Nilipomfikia akaniuliza, "Sasa nampelekea nani?"

Tukarudi tukakaa kwenye ngazi, tukala humo humo bakulini, kila mtu na kijiko chake. Ndiyo mara ya kwanza Mama kuonja. Akasema, "Ina chumvi kidogo," kisha akalia kilio ambacho msibani hakukitoa.

Sikuombi unisamehe leo. Hasira yako yote uliyompa Shangazi ni yangu, nipe mimi. Ila yeye mlilie, Bonge, hata kama ni kwa kuchelewa kama mimi.

Nisalimie wifi yangu, umwambie gauni lake liko tayari, ila pindo nitalimaliza akiwa amelivaa. Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi mbili. Fundi bomba naye anakusalimu. Mungu awafunike, na huyo mtoto ampe pumzi nyepesi usiku na mchana.

Umesema mtakuja msimu ujao wa embe. Nitampikia mwanao. Lakini mimi ndiye shangazi yake, na ukiona huwezi kuniachia kijiko, sitanuna. Nitalileta bakuli hadi mlangoni, limefunikwa, nitasimama nje. Utaamua wewe.

Wako akupendaye,
Dada yako